Maili 60 kwa siku tatu kuchangia saratani ya matiti (Komen 3-Day, San Diego): wazoefu naomba mwongozo

#1 mjukuu_wa_Kigoma
Wakuu, salaam. Kuna kikundi cha akina mama sita, Watanzania na Wakenya wa San Diego, Marekani, wamepania kutembea Susan G. Komen 3-Day ya Novemba. Mkubwa wao ana miaka 61, mdogo 35. Mmoja aliwahi kuondolewa titi la kushoto pamoja na tezi za kwapani. Imebaki miezi sita. Hamasa za "mnaweza!" zimeshajaa kwenye grupu la WhatsApp. Hapa naomba hesabu, vifaa, na yale yanayowaangusha watu. Karibuni.

#2 Mwenda_Pole
Tuanze na hesabu, maana neno "kutembea" linawapumbaza wengi. Maili 60 ni kilomita 96 na ushee, yaani maili 20 hivi kila siku. Kwa mwendo wa maili 3 kwa saa, maili 20 ni saa sita na dakika arobaini za kunyanyua miguu tu. Njiani kuna vituo vya maji, vyoo na vitafunwa kila baada ya maili mbili hadi nne. Tuseme sita, kila kimoja dakika kumi: hiyo ni saa nzima. Chakula cha mchana nusu saa. Jumla saa nane na dakika kumi. Ukiondoka saa moja asubuhi (wao wanaiita saba, msije mkachanganya), unaingia kambini saa tisa na dakika kumi alasiri.

Sasa chukua mtu wa maili 2.5 kwa saa, anayekaa dakika ishirini kila kituo kwa sababu ya foleni ya choo na soga. Huyo anafika saa kumi na moja na nusu jioni. Novemba San Diego jua linazama kabla ya saa kumi na moja. Tena kila kituo kina saa yake ya kufungwa, na anayeachwa nyuma hupakiwa kwenye gari linalopita kuokota waliochoka. Si aibu kupanda gari hilo, lipo kwa kazi hiyo. Ila mjue kwamba kinachowapandisha watu wengi ni dakika za vituoni kuliko udhaifu wa miguu.

Mazoezi: waandaaji wenyewe wana ratiba ya wiki 24, kwa hiyo miezi sita inawatosha barabara wakianza wiki hii. Siri yote iko kwenye Jumamosi na Jumapili mfululizo. Anayefanya mazoezi ya maili 20 Jumamosi halafu analala Jumapili nzima anajiandaa kwa siku ya kwanza peke yake. Siku ya pili asubuhi, misuli imekaza na nyayo zimevimba, ndipo watu wanapokata tamaa, na mwili unahitaji kuwa umeshaipitia hali hiyo mara kadhaa.

Ngazi zinazofaa: wiki nne za kwanza, maili 3 mara mbili au tatu katikati ya wiki, Jumamosi 4, Jumapili 3. Wiki ya nane, 8 na 6. Wiki ya kumi na mbili, 10 na 8. Ya kumi na sita, 14 na 10. Kilele ni wiki ya ishirini au ishirini na moja, 18 na 15. Baada ya hapo mnashuka. Wiki ya mwisho matembezi mafupi ya kunyoosha miguu tu. Wiki inayofuata kila ngazi punguzeni theluthi moja ili mifupa na kano zipate kupona.

Na vilima! Siku ya kwanza kuna mlima wa Torrey Pines, kutoka ufukweni kupanda karibu mita 120. Kupanda kunachosha pumzi, lakini kushuka ndiko kunakoua kucha za vidole.

#3 baba_watoto
Mbona mnatisha watu? Bibi zetu walitembea kilomita kumi kwenda gulioni, mzigo kichwani, miguu peku, na hawakuwa na ratiba ya wiki 24.

#4 Mwenda_Pole
Mkuu, bibi alianza akiwa na miaka minne na hakuacha, hiyo ndiyo ratiba yake. Pili, njia ya udongo inameza kishindo, na ina mawe na mabonde, kwa hiyo mguu unatua kwa pembe tofauti kila hatua. Zege halimezi kitu. Maili 20 ni hatua elfu arobaini na zaidi, zote zinatua palepale kwenye unyayo. Tatu, bibi alikwenda gulio mara moja kwa wiki.

Jambo dogo ambalo wengi hawalijui: kingo za barabara zimeinama kuelekea mtaroni ili maji yatiririke. Ukitembea upande mmoja saa nne mfululizo, mguu mmoja unakuwa kama mrefu kuliko mwenzake, na nyonga au goti la nje linaanza kuuma. Pandeni kwenye njia ya waenda kwa miguu iliyo sawa. Kwenye mazoezi badilisheni upande.

#5 nesi_wa_zamu
Ngoja niingie kwenye miguu, ndiko kesi nyingi za hema la matibabu zinakotoka.

Lengelenge linahitaji vitu vitatu: msuguano, unyevu na joto. Ondoa kimoja, umelipunguza. Soksi za pamba zinakunywa jasho na kubaki mbichi, kwa hiyo ziacheni nyumbani. Nunueni za sufu laini ya merino au za nyuzi za kiwandani, jozi mbili kwa kila siku, na mbadilishe wakati wa chakula cha mchana. Soksi ikivuliwa, mguu upigwe upepo dakika tano kabla ya kuvaa kavu.

Raba: nenda dukani jioni, mguu ukiwa umeshavimba kwa shughuli za siku, na uvae soksi zilezile utakazotembea nazo. Kati ya kidole kirefu na ncha ya kiatu pabaki upana wa kidole gumba. Kwa wengi hiyo ni nusu saizi au saizi nzima juu ya ile ya kawaida. Jozi moja hufa kati ya maili 300 na 500. Mazoezi ya miezi sita yanakula jozi nzima, kwa hiyo jozi ya pili inunuliwe wiki sita hivi kabla ya tukio na zivaliwe kwa zamu. Kiatu kipya siku ya kwanza ya safari ni kujitakia. Kucha zikatwe moja kwa moja, bila kuzungusha pembe, siku nne au tano kabla.

Mkisikia mahali panachoma kama pilipili, hata kama hapajawa chochote, simameni hapohapo, msingoje kituo kinachofuata. Ule ndio muda wa kubandika. Utepe wa karatasi wa hospitali, ule mweupe wa bei rahisi, unatosha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliujaribu kwa wakimbiaji wa mbio za siku nyingi, na matokeo yaliyotoka 2016 yalionyesha malengelenge yalipungua kwa 40% sehemu zilizobandikwa. Bandika ngozi ikiwa kavu, kata pembe za utepe ziwe mviringo zisikunjuke, na usiache mkunjo hata mmoja.

Lengelenge likishajaa na linauma kwa kukanyaga: osha mikono, pangusa kwa spiriti, tumia sindano mpya tasa, toboa pembeni karibu na ngozi nzima, matundu mawili au matatu upande wa chini. Kamua taratibu kwa shashi. Msikate ile ngozi ya juu, ndiyo plasta ya Mungu. Paka mafuta ya mgando kidogo, funika kwa kitambaa kisichonata, kisha utepe. Lenye damu msilitoboe. Mwenye kisukari asijitoboe kabisa, aende hema la matibabu.

#6 kanga_moja
Dada nesi, mimi nimezoea kusikia watu wajipake Vaseline nyayo nzima asubuhi. Vipi hapo?

#7 nesi_wa_zamu
Mapajani, kwapani na chini ya ukanda wa sidiria, sawa kabisa, na rudieni kila vituo viwili. Nyayoni siipendi. Mafuta yanateleza saa ya kwanza, kisha yanachanganyika na jasho na ngozi inalainika, na baada ya saa tatu hivi msuguano unarudi ulivyokuwa, halafu unazidi. Zaidi ya hapo utepe haushiki juu ya mafuta. Chagua moja: utepe au mafuta.

Kuhusu maji, kuna makosa mawili yanayopingana. La kwanza ni la wanaobana kunywa ili wasipange foleni ya choo. Wanaishia na kichwa kuuma na mkojo wa rangi ya chai ya rangi. La pili ni baya zaidi na halisemwi sana: kunywa maji matupu chupa baada ya chupa kwa sababu kila kituo kinakupigia kelele unywe. Chumvi ya damu inachujuka. Dalili ni kichefuchefu, kichwa, kutapika, kuchanganyikiwa, huku mtu anakojoa maji meupe. Huyo usimwongezee maji, mpeleke kwa matabibu mara moja. Kawaida: kunywa ukisikia kiu, chupa moja ya maji, inayofuata ya kinywaji chenye chumvichumvi, na kila kituo kula kitu cha chumvi. Karanga za kukaanga zinafaa sana.

#8 Mama_Mzizima
Kwa yule mama aliyeondolewa tezi. Kwanza kutembea hakukatazwi, ila aonane na daktari wake au mtaalamu wa viungo anayeshughulika na uvimbe wa limfu (majimaji yanayojaa mkononi tezi zikishaondolewa) miezi hii ya mwanzo, asingoje Oktoba. Kama ameandikiwa mkono wa kubana (kitambaa kama soksi kinachovaliwa mkononi kuzuia uvimbe), auvae kwenye mazoezi marefu yote ili ajue unapokwaruza. Asinunue wa kukisia dukani. Usiotosha vizuri unabana juu na kuufungia uvimbe chini.

Asivae begi la mgongoni lenye mkanda unaopita bega la kushoto. Kibegi cha kiunoni kinatosha, chenye chupa moja, maana vituo vipo karibu. Saa na bangili zihamie kulia. Losheni ya jua kwenye mkono huo, kwa sababu kuungua, mkwaruzo na kuumwa na mdudu ni mlango wa maambukizi.

Watamtisha bure wasipojua hili: kila mtembeaji vidole vinavimba, vya mikono yote miwili, kwa sababu mikono inaning'inia saa nane. Inua juu ya kichwa, fumba na fumbua ngumi mara ishirini, vinapungua. Pete zivuliwe asubuhi. Lakini mkono mmoja ukivimba, mzito, na haupungui baada ya kuinuliwa, aende hema la matibabu. Ukiwa mwekundu, wa moto, na homa juu, hilo ni la siku hiyohiyo, halingoji asubuhi.

Sidiria: ajaribu mshono wake juu ya kovu kwa maili zisizopungua kumi. Titi la bandia la silikoni linatoa jasho jingi. Wengi huhamia lile jepesi la kitambaa kwa siku za kutembea.

#9 Mweka_Hazina
Mmeongea miguu mpaka mmesahau dola 2,300, kiwango cha chini cha kuchangisha, na hiyo ni kwa kila mtembeaji. Wako sita, kwa hiyo 13,800. Ada ya kujiandikisha ni kando, haihesabiwi humo. Na mchango ukishaingia haurudishwi hata mtu akiugua asitembee, kwa hiyo wachangiaji waambiwe mapema.

Jamani, sisi tunajua kuchangisha. Harusi zetu zinaendeshwa hivi: orodha, kadi ya ahadi, mweka hazina, ukumbusho. Fanyeni vilevile. Kwa mtu mmoja: watu 10 wa dola 100, watu 20 wa dola 50, watu 15 wa dola 20. Jumla 2,300 kamili, kutoka kwa watu 45. Ila ahadi si pesa, kwa hiyo orodha iwe na majina tisini. Ombeni kwa kumtaja mtu jina na kiasi. Ujumbe wa jumla kwenye grupu la watu 200 unaletewa vikofi na mioyo tu.

Wapi panapoharibika: kwanza, kila mtembeaji ana ukurasa wake wa kuchangisha mtandaoni. Mtu akichangia timu kwa jumla bila kuchagua jina, msidhani pesa itajigawa yenyewe. Mwambieni achague jina. Pili, pesa kupitia akaunti binafsi ya mama mmoja. Mtoaji hapati risiti kwa jina lake, na kwa mchango wa dola 250 au zaidi, kodi ya Marekani inadai barua ya taasisi yenyewe. Na maneno yakianza, hakuna wa kuyazima. Mpeni kiungo cha ukurasa alipie mwenyewe. Akitoa taslimu, iingizwe kwa jina lake wiki hiyohiyo. Tatu, waajiri. Kampuni nyingi huko huongeza kiasi sawa na mchango wa mfanyakazi, dola kwa dola, lakini fomu hujazwa na mtoaji mwenyewe na malipo yanachukua wiki nyingi. Fomu hizo zijazwe Agosti, zisingoje Novemba.

Wa nyumbani wanaotaka kuchangia: Kenya kuna kadi ya Visa ya mtandaoni ndani ya M-Pesa. Fomu ikigoma, mara nyingi ni sehemu ya anwani iliyowekwa jimbo la Marekani. Badilisheni nchi kwanza.

#10 kanga_moja
Tukiuza pilau na sambusa Jumapili baada ya ibada, inahesabiwa?

#11 Mweka_Hazina
Fedha inahesabiwa kwenye 2,300 ikishaingizwa. Ila mnunuzi asidhani yote ni sadaka ya kodi. Sahani ina thamani ya dola 15, tiketi mmeuza 25, basi mchango wake ni 10. Andikeni hivyo kwenye tiketi.

#12 jicho_kali
Kabla hamjachangisha, hizo pesa zinakwenda wapi? Komen hawa si ndio wale wa sakata la 2012?

#13 Mwenda_Pole
Swali halali. Taasisi ilianzishwa 1982 na Nancy Brinker kwa ajili ya dada yake Susan, aliyefariki 1980 akiwa na miaka 36. Mwanzoni mwa 2012 walitangaza kusitisha ruzuku kwa Planned Parenthood (shirika la afya ya uzazi linalotoa pia huduma ya kutoa mimba), kelele zikawa kubwa, wakageuza uamuzi ndani ya siku chache. Watembeaji walipungua, na 2013 wakatangaza kupunguza miji ya 3-Day kutoka 14 hadi 7. Matembezi yenyewe yalianza 1998 chini ya kampuni ya vipodozi ya Avon, Komen wakayachukua 2003.

Ukweli ni kwamba tukio la aina hii ni ghali. Mahema, milo, mabafu ya kwenye malori, vibali vya barabara, matabibu, vyote vinalipwa kutoka kwenye kapu lilelile. Ndiyo maana kiwango cha chini ni kikubwa. Anayetaka kujua mgawanyo asome Fomu 990 ya taasisi, yaani ripoti yake ya fedha ya kila mwaka, ni hati ya wazi kwa sheria ya Marekani: aangalie mapato ya matukio, gharama zake, na kilichokwenda kwenye utafiti na huduma kwa wagonjwa. Na anayetaka kila senti ifike moja kwa moja, binafsi namshauri achangie bila kutembea, hakuna ubaya.

#14 kanga_moja
Mimi nina la kambini. Begi kubwa lina ukomo wa ratili 35, karibu kilo 16, na linabebwa na lori, kwa hiyo mizani nyumbani. Hema ni la watu wawili, la waridi, mnalisimamisha wenyewe baada ya maili 20, na yote yanafanana: fungeni kitambaa juu ili msilizunguke gizani mkitafuta. Mfuko wa kulalia na godoro jembamba la upepo ni vyenu. Kambi iko kandokando ya Mission Bay, na umande wa usiku ule unalowesha hema kama mvua. Nguo za kila siku zifungwe kwenye mfuko wake wa plastiki wenye zipu, soksi zake humohumo, na kitu chochote kisiguse ukuta wa hema. Kandambili za bafuni. Tochi ya kichwani. Vizibo vya masikio, maana mahema mia kadhaa ni mikoromo mia kadhaa.

Taulo liacheni. Kanga mbili zinatosha: moja ya kujikaushia, inakauka upesi na haina uzito wa taulo bichi kesho yake, ya pili ni shuka, pazia la kubadilishia, mto ukiikunja. Ila msitembee mmeifunga kiunoni. Pindo likilowa jasho linakata paja kama msumeno.

#15 mjukuu_wa_Kigoma
Nawashukuru sana. Wawili kati yao wanavaa hijabu na wanauliza sala na mavazi. Na kuna anayetaka kusikiliza kaswida njiani.

#16 Mama_Mzizima
Vipokea sauti vya masikioni haviruhusiwi njiani, kwa sababu barabara hazifungwi. Mnavuka kwa taa pamoja na magari. Kaswida waimbe wenyewe.

Hijabu iwe ya kitambaa chepesi cha michezo, ya kuvuta kichwani, bila pini. Pini na mkanda wa kibegi au kamba ya beji shingoni havipatani. Adhuhuri Novemba kule huingia saa tano na nusu hivi, kwa hiyo kituo cha chakula cha mchana kinawafaa. Udhu wauchukulie vituoni kwa chupa, na huo ndio muda mzuri wa kubadilisha soksi, miguu ikishakauka sawasawa. Wakivaa soksi juu ya miguu mibichi, ile saa nzima ya utepe asubuhi imepotea. Kanga ya pili ni mswala.

#17 nesi_wa_zamu
Nyongeza moja. Kwenye sherehe ya kufunga, walionusurika na saratani wanapoingia, watembeaji huvua kiatu kimoja na kukiinua juu kwa heshima yao. Wachague mapema ni kipi. Mguu uliovimba siku tatu ukishatoka kwenye raba haurudi, na kutoka hapo hadi maegesho ni mwendo. Kandambili ziwe kwenye kibegi cha kiunoni siku hiyo, zisipakiwe kwenye lori.